Mama Mwanga na Picha Aliyoiacha Ipite

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mpigapicha mkuu wa gazeti letu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Sote tunamwita Mama Mwanga. Hata mumewe, fundi cherehani, akipiga simu dawati la habari huuliza kama Mama Mwanga ameshatoka.

Alianzia chumba cha kusafishia picha, mikono ikinuka dawa, kisha akahamishiwa michezo. Huko ndiko alikopewa telekonvata, kile kipande kifupi cha vioo kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili kuvuta vya mbali. Wenzake walikishangilia. Yeye aliwaeleza bila kuchoka kwamba kinachovuta mara mbili hubakiza robo tu ya mwanga, hivyo lenzi ya f/2.8 inakuwa f/5.6, na namba hiyo ikipanda mwanga hupungua. Jua likiwaka, hakuna neno. Likizama, utaambulia golikipa mkubwa aliyefifia kama mvuke. Tulimtania kwamba hata chai huipima mwanga kabla ya kuinywa.

Kisha mto ukafurika. Jioni ile wafanyakazi wa kinu cha nafaka walikwama juu ya paa, na boti ya zimamoto ikawa inawavusha. Mama Mwanga alisimama darajani, telekonvata ikiwa kwenye lenzi. Kundi la mwisho lilipoondoka, wingu lilikuwa limetanda na kila picha ilitoka nyeusi, imetikisika. Akaichomoa telekonvata. Paa likawa dogo kwenye kioo cha kamera, lakini mwanga ukarudi, na hapo akaona mkono ukipunga kitambaa kando ya tangi la maji.

Boti ilikuwa inakaribia ukingo, ambako wapigapicha wenzake walisubiri picha ya ukurasa wa kwanza. Yeye hakuipiga. Aliteremka mbio hadi kwa mkuu wa zimamoto.

"Rudini," alimwambia. "Kuna mtu nyuma ya tangi. Nimeuona mkono wake."

Akajibiwa kwamba wote wameshavushwa. Hakubishana; alimvika yule mkuu mkanda wa kamera shingoni, akamwelekeza pa kutazama. Boti ikageuka. Walimkuta mlinzi wa kinu, mguu umebanwa na bomba, sauti imemkauka kwa kupiga kelele.

Asubuhi, magazeti mengine yalikuwa na boti ikifika. Sisi tulikuwa na paa tu, alilolipiga kutoka darajani. Mhariri alinuna hadi adhuhuri, mke wa mlinzi alipoingia chumba cha habari akimtafuta mama mwenye kamera. Alipomwona alimkumbatia. Mhariri mwenyewe ndiye aliyewavutia viti.

Tangu hapo amefundisha karibu kila mpigapicha tuliye naye, na bado huwakagulia lenzi zao kama mama anayekagua masikio ya watoto kabla ya shule.

Dada yetu, tunakutakia afya njema, furaha nyumbani kwako na usingizi usiokatizwa na simu ya mhariri. Asante kwa picha zote ulizotuletea, na zaidi kwa ile uliyoiacha ipite.