Fundi Gervasi Anatafuta Meza

Kijiwe chetu cha Rusimbi hakina kibao wala mwenyekiti. Kina benchi moja refu chini ya banda la bati, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, kashata ndani ya ndoo ya plastiki, na hasira za kutosha kuhudumia kata nzima. Benchi limepakana na uwanja wa Fundi Gervasi, ambaye gereji yake ndiyo nyumba yake: pikipiki mlangoni, spana dirishani, matambara ya grisi kwenye kamba ileile zinapoanikwa kanga za mkewe. Mtu huyu ameinamia pikipiki za watu tangu ujana, na sasa mgongo umemgomea. Daktari alimwambia bila kupepesa macho kwamba akiendelea kuinama na kubeba, atakuja kubebwa yeye. Ndiyo maana anatafuta meza ya kuinulia pikipiki, ile ambayo pikipiki inapandishwa juu na fundi anafanya kazi amesimama wima. Akiikosa, ataacha ufundi, na kazi nyingine haijui.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Gervasi hakulileta kijiweni. Kila alfajiri, kabla benchi halijapata mtu, mkewe Skolastika hushika pikipiki kwa nyuma, akainyanyua kwa nguvu zake, naye Gervasi husukuma kreti la soda chini ya injini kwa mguu. Watu wakifika kunywa kahawa wanakuta pikipiki iko juu ya kreti na fundi yuko kazini. Hakuna aliyewahi kuuliza imepandaje, naye Gervasi kimoyomoyo alishukuru na kuudhika kwa pamoja, kwa sababu aibu hiyo ilimuuma kuliko mgongo.

Asubuhi hiyo Bariki alikuwa wa kwanza kuleta habari. Wanamwita Bando, maana bando la simu yake haliishi hata siku ambayo hana hela ya kahawa.

— Fundi, nimeipata! Meza ya kuinulia pikipiki, ya gereji ya nyumbani. Bei nafuu, wameandika wenyewe hapa.

Gervasi aliichukua simu, akaitazama picha, akaitazama bei. Akairudisha kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto.

— Nafuu kwa nani? Kwa bei hii niuze pikipiki ya mteja, niuze na ya jirani yake, halafu nitorokee Kasulu!

— Na hapo hawajataja nauli ya kutoka Dar, alisema Mzee Faustini, ambaye kila mtu anamwita Mzee Reli kwa sababu alifanya kazi kwenye treni mpaka akastaafu. — Mimi nayajua mabehewa. Chuma kama kile kitakula nauli kuliko ukoo mzima unaokwenda harusini.

— Halafu mtazameni huyu fundi wa pichani, Gervasi aliendelea, sauti ikipanda. — Kavaa raba nyeupe! Fundi gani wa pikipiki ana raba nyeupe? Gereji yake ina vigae, mimi sebule yangu ni udongo mtupu. Na hiyo meza ina vigurudumu. Ikifika kwenye mchanga wangu itazama, tuje kuitafuta kwa jembe. Wanatutukana hawa!

— Usiseme hivyo, fundi, Bando alijitetea. — Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii imejitembeza yenyewe mpaka kwenye simu yangu.

— Sasa si umeshajijibu?

— Nimejijibu nini?

Hakuna aliyejisumbua kumweleza. Jean alikuwa amefika kutoka mwaloni Kibirizi, suruali imelowa mpaka magotini, akasogezewa kikombe. Babu zake walivuka kutoka ng'ambo ya ziwa zamani, yeye amezaliwa Ujiji, anavua dagaa na anaitwa Kapteni, ingawa mtumbwi ni wa shemeji yake.

— Ile ya kuchomelewa Mwandiga imeishia wapi? aliuliza. — Mlisema ndiyo ya bei ya watu.

— Usinikumbushe! Gervasi alisema. — Nilikwenda kuiona. Mchomeleaji kaiunda kwa vyuma vya kitanda na jeki ya gari. Siku ya majaribio ikapandishwa pikipiki ya bodaboda mmoja. Ikapanda vizuri, watu wakapiga makofi. Kushuka ikakataa! Mwenye pikipiki kashinda chini anaitazama kama mtu anayemsubiri paka ashuke kwenye paa. Nikamuuliza yule mchomeleaji, mbona haishuki? Unajua kanijibu nini? Eti wewe uliomba meza ya kuinua, ya kushusha hukutaja!

Benchi zima likawaka. Hata muuza kahawa, ambaye kwa kawaida husikiliza birika lake tu, alisonya.

— Yewe! Huo ni wizi wa mchana kweupe, alisema Kapteni.

— Lakini na ninyi vijana mna haraka, Mzee Reli aliingilia, kidole juu. — Meza, meza, meza. Enzi zetu fundi alikuwa na meza? Wahenga walishamaliza maneno: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Gervasi alisimama. Kusimama kwenyewe kulimchukua muda, kwanza mkono mmoja kwenye benchi, kisha mwingine, ndipo kiuno kikakubali. Maumivu yakazidi kumtia hasira.

— Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini nimeinama tangu sina ndevu mpaka zimeota mvi, na hicho cha mvunguni sijakiona! Wenye pikipiki wanapata, wenye spea wanapata, mimi ninayeinama napata vidonge vya mgongo. Hao wahenga waje wenyewe Rusimbi wainame, tuone!

Mzee Reli alikunywa kahawa yake polepole, kama mtu anayesubiri treni nyingine ya maneno ipite.

— Basi tuachane na kuinua, Bando alirukia. — Tatizo ni nini? Pikipiki iko chini, fundi yuko juu. Badala ya kuipandisha pikipiki, tumshushe fundi! Tunachimba shimo hapa uwanjani, pikipiki inakaa ukingoni, Gervasi anasimama ndani ya shimo. Anaifikia bila kuinama. Bure kabisa! Hata wahenga walisema mchimba shimo huingia mwenyewe. Walijua kwamba fundi ataingia.

— Na mvua ikinyesha? Gervasi aliuliza.

— Anatoka.

— Na usiku watoto wangu wakipita?

Bando alianza kueleza habari ya kifuniko. Kapteni hakumpa nafasi.

— Shimo la nini wakati ziwa tunalo? Sikilizeni. Chuma chochote, kiwe kizito vipi, maji yanabeba. Tunaipandisha pikipiki ndani ya mtumbwi, mtumbwi unafungwa pale ufukweni. Fundi anaingia majini mpaka kiunoni. Pikipiki inamjia kifuani, yeye kanyooka, na yale maji ya baridi yanamkanda mgongo. Meza na hospitali kwa pamoja!

— Na spana ikidondoka? Gervasi aliuliza.

— Sangara atakuletea? Bando alicheka.

— Nimetoa wazo, ninyi mnaleta utani, Kapteni alifura. — Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

— Mimi nitawaambia ukweli wenyewe, Mzee Reli alisema, akashusha sauti mpaka wote wakainama kumsikiliza, isipokuwa Gervasi, ambaye hakuweza. — Hii ni njama. Wanaounda pikipiki wanajua itaharibika. Wanajua fundi atainama. Kwa nini hawaiuzi na meza yake? Kwa sababu wanaouza pikipiki ndio haohao wanaouza dawa za mgongo! Wanakula juu, wanakula chini.

Jambo hili liliwauma wote, kwa sababu lilifanana na mengi wanayoyajua. Bando alitaka waandike malalamiko. Kapteni alitaka wasusie pikipiki zote, warudi kwenye baiskeli, mpaka alipokumbushwa kwamba baiskeli nayo fundi wake huinama. Kelele zikawa nyingi, na katikati ya kelele hizo mwanamke mmoja akaingia uwanjani akikokota pikipiki yenye madumu mawili ya mawese.

Alikuwa Merina wa Mwandiga, muuza mawese, ambaye hutembeza mafuta kwa pikipiki yake mwenyewe. Jasho lilikuwa likimtiririka.

— Shikamoo mzee. Hamjambo, kaka zangu. Fundi, beringi ya nyuma inalia kama mtoto wa jirani. Nimeikokota kutoka kwenye kona ile.

— Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri, Mzee Reli alimkaribisha. — Wewe ni mtu wa nje, utatuamulia. Tunamtafutia fundi meza ya kuinulia pikipiki, maana mgongo wake umekwisha. Daktari kamkataza kuinama, kamkataza kubeba. Kuna ya kwenye simu, kuna ya Mwandiga, kuna shimo, kuna mtumbwi. Ipi inafaa?

Merina alizifungua kamba za madumu yake, akayashusha moja moja kando ya benchi. Alimtazama Gervasi, akaitazama pikipiki iliyokuwa juu ya kreti, akawatazama wale watatu na vikombe vyao.

— Meza sizijui, alisema. — Lakini hiyo meza haijaja. Hii pikipiki hapa, na fundi kakatazwa kubeba, nani aliipandisha?

Mzee Reli aliitazama pikipiki iliyokuwa juu ya kreti kana kwamba ndiyo kwanza inafika. Bando alitazama simu, ambayo kioo chake kilikuwa kimezima. Kapteni alikizungushazungusha kikombe.

Gervasi aliisikia hasira yake, ile aliyokuwa ameituma Dar, Mwandiga na viwandani kwa watu asiowajua, ikigeuka na kurudi nyumbani.

— Mke wangu, alisema.

— Fundi, Kapteni alijibu taratibu, — kwetu ziwani mtu hagusi mtumbwi wa mwenzake mpaka mwenyewe apige kelele ya kuita. Ukiushika hujaitwa, umemdharau. Mimi nilikuwa nasubiri uite.

— Na kwetu Kidahwe, Gervasi alisema, — mtu haiti watu kwenye kazi yake kabla hajapika pombe ya kuwapa. Nikuite kwa kipi? Mimi nilikuwa nasubiri uulize.

— Umekaa hatua mbili kutoka kwetu!

— Na ninyi mmekaa hatua mbili kutoka kwangu!

Walikuwa bado wanatazamana hivyo Skolastika alipotoka ndani, ungo mkononi. Alikuwa amesikia sauti ya mteja. Aliuweka ungo juu ya ndoo, akakaza kanga kiunoni, akaishika pikipiki ya Merina kwa keria na kupanga miguu yake vizuri mchangani. Kazi ya alfajiri sasa ilifanywa mchana kweupe, mbele ya watu. Gervasi alitaka kumwambia asubiri, lakini alichelewa.

— Sukuma lile kreti jingine, mkewe alimwambia.

Mguu wake ulisukuma wenyewe, kwa mazoea. Nyuma yake alisikia benchi likilia na kikombe kikianguka. Wote watatu walikuwa wamenyanyuka kwa mpigo, mikono mbele. Pikipiki ilikuwa imeshapanda.

Skolastika alifuta viganja kwenye kanga, akageuka. Akawaona wamesimama, wameinamisha vichwa.

— Vipi? aliuliza. — Kuna msiba?