Taya la Mama Uwitonze

Katika basi dogo la kutoka Rutshuru, taya la Mama Uwitonze lilialika kah! kila alipotafuna hindi la kuchoma. Jirani yake wa kiti, Joviale, binti anayenyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini, akashindwa kunyamaza. "Mama, na bega inaumaka?"

"Inauma. Umejuaje?"

"Ukikaza meno, misuli ya shingo na ya bega inakazana pia. Njo maana bega inachoka. Legeza meno, mama."

Abiria wakaacha habari za waasi, wakatega masikio. Ushauri wa bure una wateja wengi. Mama Uwitonze akaugusa ukanda wake wa kubebea mizigo, ule unaopita kwenye paji la uso. Alegeze meno yaliyobeba ukoo mzima?

"Volkano ya 2002, nilikimbia na mashini ya kushona ya mama yangu ku mugongo, meno nimekaza. Waasi walipokuja, nikabeba mama mwenyewe. Hakuna kilichoanguka!"

Basi likasimama kituo cha Majengo, anaposhukia. Akakataa kusaidiwa, akauweka ukanda kwenye paji la uso, akainuka na gunia lake la viazi. Taya likalia kah! hata dereva akageuka.

"Umesikia, mama?" Joviale akaita dirishani.

"Nimesikia. Na muzigo, umeona inaanguka?"