Émilienne wa Panda na Mikono ya Pasta Clovis

Wasikilizaji wapendwa wa Likasi, nyinyi mlioanika betri juani ili mtusikie, leo tunamkumbuka Émilienne, mshonaji wa mtaa wa Panda, aliyefariki mwaka huu wa 1994. Hakufa kwa uchawi. Narudia: hakufa kwa uchawi.

Tumbo lilimvimba tangu utotoni. Majirani wenye akili za kuku wakasema ana mimba isiyozaliwa. Daktari François ndiye aliyemweleza mama yake, Clotilde, ukweli. Katika chembe za mwili kuna mafuta yaitwayo sfingolipidi. Si ya kukaangia maandazi. Hupeleka habari: chembe hii ikue, ile ife. Yakimaliza kazi, mwili huyakatakata. Mwili wa Émilienne haukuwa na cha kuyakatia. Yakarundikana katika bandama, nayo ikavimba kama mtungi.

"Mama, tumbo hili lisikandamizwe kamwe," alionya daktari.

Kisha hospitali ikaishiwa dawa, daktari akaondoka. Wakabaki mabingwa wa kelele.

Pasta Clovis akaja na waombaji wake. Kwao, kumwombea mgonjwa ni kumkandamiza panapouma mpaka pepo atoke.

"Pasta, munganga François alikataza!" Clotilde akalia.

"Mama, weye iko na imani ao hapana? Nyoka iko mu tumbo."

Émilienne akacheka. "Nyoka gani, pasta? Mu hii nyumba hata panya banahama juu ya njala."

Hakucheka tena. Walimlaza mkekani, wakamkandamiza huku wakiimba. Bandama ikapasuka, damu ikajaa tumboni. Akanyamaza. Nao wakapiga makofi: pepo ametoka!

Kwenye kilio, Clovis huyohuyo akamtazama Chérie, mdogo wa marehemu, ambaye tumbo lake nalo limeanza kuvimba. "Huyu tutamuombea siku ya Mungu," akasema, yaani Jumapili.

Clotilde alikuwa akisonga bukari. Akanyanyua mwiko, unatoa moshi. "Mukono yako ikimugusa mutoto yangu, utaiacha hapa."

Mshinda nyoka akatoka mbio, Biblia akaisahau.

Chérie yuko mahali ambapo hatutapataja. Mama Clotilde, pole sana; tunalia pamoja nawe. Nanyi wasikilizaji, kabla ya kumlaza mgonjwa wenu mkekani, jiulizeni mikono hiyo inajua nini.

Pasta Clovis ametuma mtu hapa studio: nimwombe radhi hewani kabla kipindi hakijaisha.

Kipindi kimeisha, pasta. Siombi.