Majina Yaliyofutwa Misungwi

Sogeeni, wanangu. Anatory, fungua dirisha nikuone vizuri. Nawe Specioza, acha kunikanda miguu, keti unisikie. Pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Nyumba hii ni yenu wawili, asitokee wa kumtoa mwenzake. Shamba la migomba alilotuachia marehemu baba yenu kule Kamachumu msiliuze, hata mkishikwa na njaa, maana aliyeuza kaburi la babaye hana pa kulilia. Hayo ni mepesi. Zito ni habari ya daftari la uzazi la zahanati, na ubaya niliomtendea Mayala, yule karani wetu.

Nilifika hapa Misungwi mwaka 1959, mkunga wa Kihaya nisiyejua hata salamu ya Kisukuma, na tangu siku ya kwanza kila mtoto niliyempokea nilimwandika: jina lake, mama yake, baba yake, siku na kijiji. Watu walinicheka. Ikaja operesheni ya vijiji, nyumba zikabomolewa, jirani akapelekwa huku na ndugu kule, na wazee waliomjua nani ni mwana wa nani wakatawanyika. Hapo ndipo waliocheka wakaanza kugonga mlango wangu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu ni zaidi ya mali.

Mwaka jana Daktari Bagenda wa zahanati yetu aliporudi kutoka Nairobi na kompyuta aliyopewa na rafiki zake, mchwa walikuwa wamekwisha kuyala madaftari hadi nusu. Miezi saba Mayala alikaa mbele ya ile mashine, mimi nikimsomea, naye akiyaandika majina elfu mbili na mia tatu kwenye kisahani kimoja cheusi cha plastiki wanachokiita diski. Tulipomaliza, nikaamuru madaftari yachomwe. Ni mimi niliyeamuru, wanangu, si mwingine. Tuliweka mayai yote kwenye kapu moja, kisha tukashangilia kapu.

Wiki ya pili Mayala alitaka kufuta barua moja ya zamani, akafuta kila kitu. Kwa hofu hakusema. Akaanza kuandika upya majina aliyoyakumbuka, kwenye diski ileile, ili nisijue. Nilimkuta jasho linamtiririka.

"Mama, yamepotea," akasema.

Nikamwita mwizi. Mbele ya akina mama waliopanga foleni na watoto mgongoni, nilisema ameuza majina kwa watu wenye kesi za mashamba. Daktari alikuja mbio, akamwondoa kwenye kiti.

"Mama Anatory, asiandike mtu neno jingine humu! Yaliyofutwa bado yamo. Yatakayopotea kabisa ni yale yaliyoandikiwa mengine juu yake."

Akaitoa ile diski, akaifungia kwenye kabati la dawa, akamwandikia mwenzake wa Nairobi amtumie programu ya kuyafufua. Majuma matatu tulingoja. Ilipofika, hakuigusa diski yenyewe. Kwanza alitoa nakala, akafanya kazi kwenye nakala. Majina yakarudi moja moja, nami nikilia kama niliyepokea watoto hao mara ya pili. Lakini miaka ya 1964 hadi 1967 haikurudi. Ndiyo aliyoiandikia juu Mayala.

Na humo alikuwamo Kija, mmoja wa watoto niliowapokea. Baba yake mdogo alikuwa amemnyang'anya shamba, akidai si damu ya marehemu kaka yake, na baraza lilimpa Kija mwezi mmoja alete ushahidi. Nilimkumbuka mama yake, nilikumbuka na mvua ya siku ile, lakini baraza likasema kumbukumbu ya mkunga mzee si maandishi.

Mayala, niliyekuwa simsalimii, alichukua baiskeli akaenda kumtafuta Tereza, msaidizi wangu wa zamani, aliyehamishiwa ng'ambo ya Sengerema. Siku tisa. Alivuka kwa kivuko, akauliza kijiji kwa kijiji. Akarudi miguu imevimba, kifuani ana daftari chafu la rasimu, lile ambalo mwaka 1967 nilimwagiza Tereza alitupe kwa sababu lina madoa ya damu. Tereza hakutii. Alihama nalo ndani ya chungu. Kija alikuwamo, ukurasa wa kumi na moja, na baba yake ametia dole gumba. Baraza likamrudishia shamba lake.

Mayala alinikabidhi daftari kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama," akasema. Nikalipokea, nikampa mgongo. Sikuitikia, wanangu. Mpaka leo sijaitikia. Ulimi wangu ulimwita mwizi hadharani, na kiburi changu kikanizuia kuurudi.

Basi shikeni haya. Daktari ametoa diski tatu. Moja ibaki zahanati, moja iwe kwako Specioza, kule Bukoba, moja kwako Anatory pale Nyamagana, mbali na redio na spika zake, maana sumaku huzila. Kila mwezi zipelekwe mpya, na kila mwezi zifunguliwe zionekane zinasoma. Akiba usiyoikagua ni matumaini tu. Na chapeni kwenye karatasi pia. Asichome mtu kitu.

Baiskeli yangu mpeni Mayala. Mwiteni siku ya kliniki, akina mama wakiwa wamejaa, Anatory usimame useme kwa sauti: mama yetu alikosea, Mayala si mwizi. Useme palepale nilipomtukania. Usimnong'oneze chumbani.

Nipe maji... Basi, yanatosha.

Nikienda kabla ya Jumatano, siku ya kliniki, msifunge kliniki kwa ajili yangu. Wapo wanaotembea tangu alfajiri, na mimba... haingoji matanga. Nizikeni alasiri, wakishahudumiwa wote.

Mungu awape... awape mikono mepesi, na mioyo isiyoona haya kuomba radhi. Mpendane. Specioza, usilie, nenda kaangalie... kuna mtu anabisha hodi huko nje. Mkaribishe, mwanangu. Mkaribishe.