Selestine Mwijage, Fundi wa Turbo wa Bakoba, na Mpira Aliourudisha kwa Kidole

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Buganguzi, na ninyi mliotoka Bakoba na Kimwani, kabla hatujamshusha ndugu yetu kaburini familia inawaomba mtulie muyasikie maisha yake, pamoja na sehemu ambayo yeye mwenyewe, akiwa na akili timamu, aliagiza isirukwe.

Selestine Mwijage alizaliwa tarehe 3 Mei 1974 hapa Buganguzi, Wilaya ya Muleba, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Rutaihwa na marehemu Mama Benadetha, wakulima wa ndizi na kahawa. Alianza shule ya msingi hapahapa mwaka 1982, akamaliza mwaka 1988, na katika miaka hiyo ndipo alipoifungua redio ya baba yake na kuifunga tena, ikaimba vizuri kuliko mwanzo, lakini skrubu moja ikabaki mezani, na Mzee akamchapa hata hivyo, akimuuliza, "Na hii ilikuwa ya nini, ya urembo?"

Alisoma sekondari Muleba kuanzia 1989 hadi 1992, akafaulu kidato cha nne kwa kiasi, kisha akaenda Mwanza kujifunza ufundi wa magari, akahitimu mwaka 1995, akaajiriwa katika gereji moja ya huko hadi Juni 2006, aliporudi Kagera na kufungua gereji yake mwenyewe katika kata ya Bakoba, mjini Bukoba. Tarehe 25 Agosti 2001 alifunga ndoa takatifu na Edvina, ambaye leo ni mjane wake, na Mungu akawajalia watoto watatu, Jovita mwaka 2002, Mujuni mwaka 2005 na Stellah mwaka 2010.

Katika kazi yake marehemu alijulikana zaidi kwa turbo, na kwa kuwa wengi wetu hapa ni watu wa jembe, tuieleze kama alivyokuwa akitueleza. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nayo husukuma hewa nyingi ndani ya injini ili gari lipate nguvu, lakini presha ya hewa hiyo haina budi kuwekewa kikomo, kwa hiyo pana mlango mdogo unaofunguka na kuupitisha moshi pembeni presha inapofika mahali pake. Mlango huo hupata habari ya presha kwa njia ya mpira mwembamba, na fundi akitaka gari liwe kali zaidi huweka katika mpira huo valvu ndogo yenye skrubu, inayouchelewesha mlango kidogo. Mpira ukichomoka, mlango haupati habari yoyote, haufunguki, na presha hupanda mpaka dereva hana tena gari analolijua.

Wakati wa kupima, marehemu alikuwa na desturi ya kuushindilia mpira huo kwa kidole tu, bila klipu ya kuubana, kwa sababu alikuwa akiuchomoa na kuurudisha kila anapoigusa skrubu, na klipu aliifunga mwisho, akisharidhika. Hakuna aliyewahi kuona kosa katika desturi hiyo.

Desemba 2018 shemeji yake, Avit, mdogo wake Edvina, alikuja likizo ya Krismasi kutoka Dar es Salaam, kama wana wa Kagera wafanyavyo kila mwaka, akiwa na gari la mbio la buluu lililokwisha kuongezwa nguvu huko, naye akataka liongezwe tena. Jumamosi tarehe 29 marehemu aliendesha gari hilo juu na chini kwenye mlima wa Muhutwe, Avit akiwa kando yake anasoma geji ya presha na kumtania, "Shemeji, hili ni gari, unalifunga kamba kama mbuzi wa sikukuu!" naye marehemu akamjibu kwamba mbuzi akikata kamba hula shamba la jirani. Waliporudi Bakoba presha ilikuwa imekaa sawasawa, chakula kikawa mezani, Edvina akaita mara mbili, "Baba Jovita, ndizi zinapoa!" marehemu akafunga boneti, akanawa mikono, na klipu ikabaki juu ya benchi.

Jumapili tarehe 30 Desemba 2018, Avit akienda Kimwani kwenye karamu ya ubatizo, gari lilimshinda kwenye kona ya kuingia kijijini, likaacha barabara na kumgonga kijana Kahangwa, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa pekee wa Mama Paskazia, aliyekuwa akitoka Misa huku akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Kahangwa alifariki palepale. Avit alisema tangu saa ile, akiwa amekaa chini na damu usoni, "Gari limenivuta, sikulikanyaga hivyo," akayarudia maneno hayo polisi, akayarudia mahakamani, na hakuna aliyemwamini, kwa kuwa kila mtu alikuwa amemwona akiringa nalo wiki nzima.

Siku iliyofuata marehemu aliombwa na polisi, kama fundi anayelijua gari hilo, alitazame lilipokuwa limehifadhiwa. Alifungua boneti, akaona mpira umening'inia, na kwa maneno yake mwenyewe, mkono ulitangulia kabla ya akili, akaurudisha mahali pake kwa kidole gumba, akageuka, akasema haoni kasoro.

Avit alitiwa hatiani kwa kuendesha kwa mwendo wa hatari. Familia ikampachika jina la Rubani, na katika karamu zetu watu walisema, "Leo Rubani haji, tuvuke barabara kwa raha," tukacheka, marehemu akiinamia sahani yake. Avit akaacha kuja nyumbani Desemba, na dada yake Edvina, kila Krismasi, alimlaumu mdogo wake huyo mbele ya mumewe. Marehemu aliacha kazi ya turbo, akasema macho yamechoka, akabaki kubadilisha breki na oili, na wateja waliomsihi aliwaelekeza kwa wengine.

Mwezi Septemba 2024 alianza kusikia maumivu upande wa kulia wa tumbo, na Januari 2025 madaktari wakamweleza kwamba ni saratani ya ini. Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi 2025, wakitoka kanisani, alimweleza Edvina habari ya mpira. Edvina hakulia, alimuuliza jambo moja tu, "Na mdogo wangu je?" Usiku ule hakupika, na asubuhi ndiye aliyepiga simu Dar es Salaam na kumwekea mumewe simu sikioni. Avit alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, miaka sita nimekuwa nikiuuliza mguu wangu ulifanya nini." Hakutukana.

Jumapili tarehe 9 Machi marehemu alikwenda Kimwani kwa Mama Paskazia, akiwa na Edvina, akiwa hawezi tena kutembea mwendo mrefu. Alieleza yote, mpira, klipu, kidole gumba, hakujitetea kwa njaa wala kwa haraka, akaomba msamaha akiwa amepiga magoti. Mama Paskazia alimwacha amalize, akamwambia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, baba, umekuja kuutua mzigo wako kwangu. Na mimi niutue kwa nani?" Akamwambia ainuke kwa kuwa ni mgonjwa, akaingia ndani, wala hakutoka tena, na wao wakaondoka. Tarehe 17 Machi marehemu alifika polisi kuandikisha maelezo ya kweli. Alirudi Kimwani mara moja zaidi, mwezi Aprili, akakuta mlango umefungwa, akakaa uani hadi jua lilipopinda, kisha akarudi nyumbani. Mujuni alipomwambia, "Taata, inatosha sasa," alimjibu kwamba hakwenda ili itoshe.

Mwezi Mei hali yake ilizidi kuwa mbaya. Avit alichukua likizo, akaja, akamuuguza kwa mikono yake, akimgeuza na kumnywesha uji, na watu wawili hao walizungumza mengi ambayo familia haikuyasikia wala haiyaulizi. Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, Selestine alifariki dunia nyumbani kwake Bakoba, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Baba Paroko aliyempa sakramenti, mafundi wenzake wa Bakoba waliofunga gereji zao ili wamsindikize, na majirani wa Buganguzi mliochimba kaburi na kuleta ndizi na kuni. Tunamwomba radhi Avit kwa jina tulilompachika, na hatutalitamka tena. Tunamshukuru pia Mama Paskazia, aliyefika jana jioni kutoka Kimwani bila kuitwa, akaketi na kina mama kwenye nyasi zilizotandikwa kwa ajili ya msiba mpaka asubuhi. Hakutuambia kwamba amesamehe, nasi hatumuulizi, wala mtu yeyote hapa asiseme kwa niaba yake.

Selestine, Mungu akupokee, akupe pumziko, na amani ambayo hukuipata kwetu.