Sababu za Utoro

Evaristo alikuwa amefumba macho tangu treni ilipoondoka Chita, lakini kustaafu kazi ya kiwanda cha sukari hakukumfunza kuziba masikio. Mbele yake, kijana mtafiti mwenye kishikwambi mapajani alikuwa akimhoji Mama Omega.

"Mama, mwanao Omega aliacha unga wa kulevya, akaanzishiwa methadoni, dawa ya kumsaidia asiurudie, halafu akawa mtoro wa dawa. Sababu ni nini?"

"Mtoro wapi, baba? Dawa ile inanywewa kila siku, mbele ya nesi, huko mjini. Hata treni haipiti kila siku. Unga unamfuata mpaka mlangoni, dawa mpaka aifuate."

Kijana akapekua kioo kwa kidole. "Umbali haumo kwenye orodha, mama. Kuna usahaulifu, imani potofu na uelewa mdogo. Niweke uelewa mdogo?"

Evaristo akajikohoza asije akacheka. Msomi huyu alikuwa amekuja na majibu yake kutoka nyumbani, kama mtu aliyefunga chakula cha safari.

"Weka tu," mama akasema. "Kwani kwetu uliahidi kuja lini?"

"Mwezi wa tatu. Niliahirisha mara tatu, mama. Kule ni mbali mno, na mvua ile!"

"Na ulitakiwa uje mara moja tu."

Treni ikapunguza mwendo, ikaingia Ifakara. Mama Omega akajifunga kanga, akanyanyuka. "Sasa wewe, mwanangu, tukuweke wapi? Usahaulifu au uelewa mdogo?"

Kijana akainamia orodha yake, na Evaristo angeweza kuapa kwamba alikuwa anatafuta kweli.