Siku Mume wa Bi Keziah Alipobaki na Kofia

Mwaka 1774, katika koloni la Uingereza ng'ambo ya bahari, gari la farasi lilikuwa linatoka Worcester kwenda Boston. Nilibanwa kati ya Bi Keziah, mke wa mkulima, na Bwana Jotham, muuza mawigi aliyempenda mfalme wa Uingereza kama mtu anavyompenda mteja mzuri.

"Mama, mmemfukuza jaji wa mfalme? Mtanyongwa nyote!" Bwana Jotham alimaka.

"Kamba hazitatosha, bwana," Bi Keziah alisema. " Wanaume walijipanga pande zote mbili za barabara, maelfu, na bunduki hata moja haikulia. Jaji akapita katikati, kofia mkononi, anasoma barua ya kujiuzulu. Kila hatua chache wanamwambia, hatujasikia, rudia. Kasoma mara thelathini, mpaka sauti ikamkauka."

"Yote hayo kwa kodi ya chai!"

"Chai ilikuwa mwanzo tu. Watu wa mfalme wakafunga bandari ya Boston, tukavumilia. Sasa wanatukataza hata kukutana kijijini kwetu! Mume wangu kamvulia jaji yule kofia miaka ishirini. Jana hakuivua. Nikamtazama, nikasema, Mungu wangu, kumbe ni mrefu hivi?"

Bwana Jotham aliikaza kofia yake juu ya wigi.

Gari likasimama mbele ya nyumba ya wageni. Mlangoni alikuwepo ofisa wa mfalme, koti jekundu, kidevu juu, akingoja heshima zake. Mkono wa Bwana Jotham ukapanda hadi kwenye kofia, ukaganda hapo hapo.

Kofia yangu ilikuwa magotini, kwa adabu. Nikaivaa, nikashuka.